Mtoto Aliyeitwa Baba

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Wanjugu alikuwa na kazi moja ambayo hakupenda kumwachia mtu mwingine. Alimlisha Baba uji.

Baba huyo hakuwa baba yake mzazi. Baba yake mzazi, Hiram, alikuwa dereva wa lori, na siku nyingi alilala Mai Mahiu akisubiri mizigo. Baba wa kulishwa uji alikuwa ndugu yake wa miaka mitano, kitinda mimba wa nyumba ile. Jina lake hasa lilikuwa Gathogo. Alipewa jina hilo la babu mzaa mama, na kwa desturi ya Wakikuyu mama hamwiti mwanawe kwa jina tupu la baba aliyemzaa yeye mwenyewe. Humwita Baba, kwa heshima na kwa mapenzi, kana kwamba mzee amerudi nyumbani akiwa mdogo. Kwa desturi hiyo hiyo Hiram alimwita Wanjugu "Mami", kwa kuwa msichana alipewa jina la mama yake Hiram. Basi mama aliposema Baba, Wanjugu na mdogo wake Lewis nao walisema Baba, na jina la Gathogo likabaki kwenye kadi ya kliniki tu.

Baba alizaliwa kwa shida. Daktari aliwaeleza kwamba mtoto alikuwa na mtindio wa ubongo. Misuli yake ilikaza, shingo yake ilichoka upesi, na maneno hayakumtoka. Lakini akili alikuwa nazo. Lewis, mwenye miaka tisa, alimshika mgongo wakati wa kula na kuwika kama jogoo aliyepatwa na mafua, na Baba alicheka hadi uji ukamwagika. Wanjugu alimfuta kidevu, akasubiri ameze, kisha akampa kijiko kingine. Mama yao, Waithera, alipiga magoti chini akimkanda miguu kwa mafuta. Baba hakuweza kutembea, ila alijisukuma kwa makalio huku akijivuta kwa mkono mmoja, na alikuwa mwepesi kuliko vile mtu angedhani.

Tena alikuwa na sauti. Ilikuwa sauti moja tu, nzito, ya chini, iliyopanda kidogo mwishoni kama ya mtu anayeuliza jambo akiwa nyuma ya ukuta. Alijifunza kwa babu yake, ambaye watoto walimwita guka. Mwaka wa mwisho wa maisha yake, mzee Gathogo alikaa nao Kaptembwo, mtaa wa mjini, ili awe karibu na hospitali. Ugonjwa ulikuwa umemfunga ulimi, lakini alimpakata mjukuu wake mchana kutwa akimwimbia, mdomo ukiwa umefumba, wimbo aliozoea kukamulia ng'ombe. Mzee alikufa, wakamzika kwake kijijini Dundori chini ya mierezi nyuma ya nyumba. Wimbo wake ukabaki kifuani mwa mtoto.

Baada ya mazishi walihamia Dundori kulitunza shamba la viazi. Kule Kaptembwo nyumba zilibanana, na Waithera alikuwa amesikia kupitia ukuta wa mabati mambo mengi ambayo majirani walisema juu ya mtoto wake. Mmoja alisema ni laana. Mwingine aliuliza mama alikosea wapi. Kwa hiyo walipofika nyanda za juu, ambako hakuna aliyekuwa amemwona mtoto, kwani hata siku ya mazishi aliachwa mjini, Waithera alikata shauri kwamba hapa hakuna atakayepata la kusema. Alimpa Baba chumba cha nyuma, chenye joto la jikoni, akafunga vibao vya dirisha kwa misumari. Wanjugu na Lewis aliwaambia mambo ya nyumbani yabaki nyumbani.

Siku moja Jepkemei, binti wa jirani yao Kiprotich, alikuja kuuliza kazi ya hesabu. Hakubisha hodi upande wa mbele. Alipita nyuma, karibu na mierezi, na ukungu ulikuwa umetanda. Akasikia sauti ya mama Wanjugu ikitoka nyuma ya dirisha lililofungwa.

"Kula, Baba. Usilie. Hapa hakuna mtu atakayekuona."

Kisha akasikia ule wimbo wa kukamulia ng'ombe. Dundori nzima iliujua wimbo ule, kwa kuwa kwa miaka mingi ulitoka katika zizi la mzee Gathogo alfajiri. Jepkemei aliligeukia kaburi lililokuwa hatua chache kutoka pale aliposimama. Alikimbia hadi kwao bila kuokota kiatu chake kimoja kilichomvuka.

Kesho yake, wakati wa mapumziko, alimkuta Wanjugu karibu na tangi la maji. Nicodemus na wengine wa gredi ya sita walikuwa wamemfuata.

"Guka wenu si alizikwa?" Jepkemei aliuliza.

"Alizikwa."

"Sasa mama yako anamlisha nani?"

Hakuna aliyecheka. Jibu lilikuwa jepesi, lenye maneno mawili tu, na lilikuwa tayari kwenye ulimi wa Wanjugu. Lakini alikumbuka wasichana wa Kaptembwo waliokunja mikono na kupinda shingo kumwigiza ndugu yake, huku wakimtazama yeye waone atafanya nini. Aliwatazama hawa wapya. Nicodemus, ambaye tangu siku ya kwanza alimwita "Kaptembwo" kana kwamba ni jina lake la ubatizo, alikuwa amesimama mdomo wazi.

"Ni guka," Wanjugu alisema polepole. "Hakuenda."

Uongo ule ulikuwa mtamu. Siku hiyo alipewa nafasi mbele kwenye foleni ya chakula, na Nicodemus hakumwita Kaptembwo tena. Walipomuuliza zaidi, aliongeza. Alisema guka hutoka ukungu unaposhuka. Alisema hatembei, anajiburuta. Na kwa kuwa walikuwa wakimsikiliza kwa macho makubwa, aliongeza jambo ambalo hata yeye hakujua lilitoka wapi: ukimsikia akiita, usimwitikie. Ukimwitikia atakufuata hadi kwenu.

Habari haina miguu lakini inafika. Kutoka shule ilifika mezani, na kutoka mezani ikafika kwenye foleni ya kupeleka maziwa. Watu wazima walisema huo ni upuuzi wa watoto, kisha jioni wakapita njia ya mbali. Wanawake walianza kumsalimu Waithera wakiwa wanatembea. Kijana aliyekuwa akiingia uani kuchukua mtungi wa maziwa alianza kuusubiri kwenye lango, mgongo ukiwa umeelekea nyumba. Waithera alidhani wamegundua ana mtoto mlemavu na wanamdharau, naye akazidi kukaza vile vibao vya dirisha. Wanjugu aliyaona yote hayo. Alijua sababu yake, akanyamaza.

Jambo la ajabu ni kwamba hata yeye alianza kusikiliza. Alasiri moja alimkuta Baba amelala fofofo, kidole mdomoni, na bado kutoka kwenye mierezi ilisikika sauti nzito, ya chini, iliyopanda kidogo mwishoni. Alijiambia ni upepo. Hakwenda dirishani kuhakikisha.

Jumamosi moja ya mwezi wa saba, Waithera na Lewis walishuka shamba la chini kuchimba viazi. Wanjugu aliachiwa Baba. Aliagizwa asimwache peke yake, na kila akipita mlango wa jikoni atie komeo, kwa maana mtoto alikuwa ameanza kupenda kwenda nje. Walikaa pamoja kwenye gunia karibu na moto, wakichambua maharagwe, Baba akiyatupa na Wanjugu akiyaokota.

Kabla ya saa sita ukungu ulishuka kutoka msituni. Ulikuja kama kawaida yake, kwanza ukameza mierezi, kisha zizi, kisha lango. Kuku waliingia ndani wenyewe. Katika kimya kile Wanjugu alisikia watu wakinong'ona barabarani. Alichungulia, akawatambua Jepkemei na Nicodemus. Walikuwa wamepeana moyo waje kumsikia guka kwa masikio yao.

Wangekaribia kidogo tu wangemwona Baba kwenye gunia, na kila kitu kingekwisha. Alitoka mbio. Aliwapokea langoni, akawaambia leo guka ana hasira, akawaongoza kuteremka barabara huku akiwasimulia, hadi walipofika kwenye kona ya mbali. Hapo alisimulia zaidi ya ilivyohitajika, maana Nicodemus alikuwa amemshika mkono kwa woga, na hilo lilimfurahisha. Walipoagana, kila mmoja akikimbilia kwao, ndipo alipokumbuka komeo.

Mlango wa jikoni ulikuwa wazi. Ukungu ulikuwa umeingia ndani hadi mekoni. Kwenye gunia kulikuwa na maharagwe tu.

Nje, kwenye nyasi zilizolowa, kulikuwa na mburuzo. Ulikuwa mpana, umelaza nyasi upande mmoja, kana kwamba kitu kizito kilivutwa na mtu asiye na haraka. Wanjugu aliutazama. Hivyo ndivyo alivyowaeleza wenzake: hatembei, anajiburuta. Aliufuata hadi barabarani. Pale kwenye changarawe ngumu ulipotea.

Alifungua mdomo aite, akajizuia. Watu wangesikia akimwita Baba, wakauliza ni baba gani, maana Hiram alikuwa safarini. Badala yake aliita, "Gathogo!" Aliita mara nyingine, akasubiri. Ukungu haukurudisha kitu.

Alikimbilia nyumba ya kwanza. Ilikuwa mchana, saa ambayo kila mlango wa Dundori huwa wazi na moshi unatoka, lakini mlango ule ulikuwa umefungwa. Alibisha. Pazia lilitikisika, likatulia. Nyumba ya pili nayo ilikuwa imefungwa, na mbwa alikuwa amejikunja chini ya ghala bila kubweka. Wanjugu alianza kuelewa. Ndugu yake alikuwa amepita hapa. Alikuwa amepita akiita, na watu walimsikia, wakajifungia.

Kwa Kiprotich punda alikuwa bado amefungwa kwenye mkokoteni uliojaa viazi, ameachwa katikati ya ua kama vile mwenyewe aliruka akakimbia. Wanjugu aligonga mlango kwa ngumi zote mbili.

"Nani?" Sauti ya Kiprotich ilitoka karibu sana, kana kwamba alikuwa ameegemea mlango.

"Ni mimi, mzee. Wanjugu. Naomba unisaidie kutafuta mtoto."

"Mtoto gani? Kwenu mko wawili."

"Tuko watatu."

Kisha Kiprotich akasema kwamba hata yeye hakuwa akiamini maneno ya watoto, mpaka leo. Alikuwa akipita kwenye dipu la zamani alipomsikia mzee Gathogo akiimba chini ya ardhi. Punda aligoma. Yeye aligeuza mkokoteni.

"Sikumwitikia," alisema. "Jepkemei alinionya."

Dipu hilo lilikuwa josho la ng'ombe lililoachwa na mzungu aliyekuwa na shamba lile zamani. Lilikuwa mfereji mrefu wa saruji, wenye mteremko upande mmoja, na tangu dawa ilipoacha kutiwa lilijaa maji ya mvua, meusi, yasiyoonyesha mwisho wake. Wazazi wote waliwakataza watoto kulikaribia.

Wanjugu aliweka paji la uso kwenye mlango.

"Si guka, mzee. Guka alikufa. Huyo ni ndugu yangu, naye anaitwa Gathogo. Ana miaka mitano, hawezi kutembea wala kusema, na wimbo huo alifundishwa na guka. Mimi nilidanganya. Anaita kwa sababu anaogopa, na mimi ndiye niliyewaambia watu wasimwitikie."

Ndani, Jepkemei alianza kulia. Komeo likavutwa.

Kiprotich hakumgombeza. Alichukua kamba kwenye mkokoteni, akamtuma Jepkemei amwite mama Wanjugu shambani, akatangulia kwa hatua ndefu. Ukungu ulikuwa mzito hivi kwamba Wanjugu alifuata kamba iliyoning'inia begani mwake. Kwenye dipu ua wa mbao ulikuwa umeoza na kuanguka. Hapakusikika chura wala ndege. Kiprotich aliita kwa sauti yake kubwa, "Gathogo! Gathogo!" Maji hayakutikisika. Aliita tena, kisha akageuka, na Wanjugu aliona usoni mwake jambo ambalo mtu mzima hapendi mtoto alione.

"Kwani hajui jina lake?" Kiprotich aliuliza.

Hakulijua. Hakuna mtu aliyewahi kumwita hivyo nyumbani. Wanjugu alipiga magoti pembeni ya saruji, na mbele ya jirani, mbele ya nyumba zote zilizokuwa zikisikiliza nyuma ya ukungu, akaita kwa nguvu zake zote.

"Baba! Baba, niko hapa!"

Mwanzo hakukuwa na kitu. Halafu chini, kwenye giza, sauti nzito iliitika, ikapanda kidogo mwishoni. Kuta za saruji ziliirudisha, ikawa kama wanaitika wawili. Kiprotich, aliyemfahamu mzee Gathogo tangu utoto wake, alitetemeka, akavua kofia bila kujua kwamba ameivua.

"Endelea kumwita," alisema. "Usinyamaze."

Wanjugu aliendelea. Kiprotich alifunga kamba kwenye nguzo iliyobaki, akashuka mteremko wenye ukoga akiifuata ile sauti. Alimkuta Baba amelala kifudifudi mahali mteremko unapozama, miguu yake ikiwa majini hadi mapajani. Alikuwa ameshika kipande cha chuma kilichotokeza ukutani. Vidole vyake, ambavyo siku zote vilikuwa vigumu kufunguka, vilikikamata chuma kile na havikukiachia. Hata Kiprotich alipomkumbatia, ilibidi avifungue kimoja baada ya kingine.

Alipotolewa juu midomo yake ilikuwa ya buluu. Alimwona Wanjugu, akajaribu kucheka, baridi ikamzuia. Waithera alitokea katika ukungu akiwa na udongo hadi kwenye viwiko, Lewis na Jepkemei nyuma yake. Alimvua mtoto nguo zilizolowa, akamweka kifuani ndani ya sweta yake mwenyewe, akaanza kutembea kwenda nyumbani. Walipokuwa wakipita, mlango mmoja ulifunguliwa, kisha mwingine. Watu walitoka wakasimama kwenye vizingiti, wakaona miguu midogo miembamba ikining'inia chini ya sweta. Hakuna aliyejua pa kuyaweka macho yake.

Siku hiyo jikoni kulijaa watu kuliko siku ya mazishi. Mmoja alileta kuni, mwingine blanketi, na muuguzi wa zahanati aliyeitwa kutoka kwake alisema kifua cha mtoto kiko salama. Mbele yao wote Wanjugu alisema alivyosema na alivyofanya, tangu pale kwenye tangi la maji. Hakuacha hata lile la kufurahia kushikwa mkono. Nicodemus, aliyekuwa ameingia na mama yake, alitazama chini. Waithera alisikiliza mpaka mwisho akimsugua Baba miguu, na hakumjibu.

Kesho yake, Jumapili, Waithera alimvalisha Baba shati jeupe, akambeba mgongoni hadi kanisani. Alikaa benchi la mbele. Mama mmoja aliinuka akahamia nyuma, na wengine walijifanya hawakuona. Mhubiri alipoomba wageni wasimame, Waithera alisimama.

"Huyu si mgeni," alisema. "Ni Gathogo, mwanangu. Nyumbani tunamwita Baba, kwa kuwa ni jina la baba yangu. Amekaa hapa tangu tuhamie. Mimi ndiye sikumleta."

Bikizee mmoja aliyekuwa karibu alinyoosha mkono, akaushika ule mkono mdogo uliokunjika, akamsalimu mtoto kwa heshima anayosalimiwa nayo mzee. Baba aliitika kwa sauti yake. Watoto wachache walishtuka. Wengine walicheka, kicheko cha kawaida, na ibada ikaendelea.

Waliporudi nyumbani Waithera aliwakalisha Wanjugu na Lewis karibu na moto. Alichukua nyundo, akang'oa vibao vya dirisha la chumba cha nyuma, na mwanga uliingia kwa mara ya kwanza tangu wahamie. Ndipo akasema.

"Wanjugu, ulidanganya, na uongo wako ulifunga milango ya watu. Ndugu yako aliita wakamsikia, wakamkimbia. Hilo ni lako, na utalibeba. Lakini mimi nilitangulia. Wewe ulidanganya kwa mdomo, mimi nilidanganya kwa misumari. Nilidhani namkinga na maneno ya watu. Sikujua kwamba nikimficha mtoto, pale penye giza watu watajiwekea kitu kingine, na wataogopa kitu hicho badala ya kumpenda mwanangu. Kuanzia leo mtu akiwauliza kwenu mko wangapi, semeni mko watatu. Mseme na jina lake, ili siku akipotea tena, Dundori yote ijue jinsi ya kumwita."